Je, wajua kwa nini kampuni ya bima huuliza hata ajali ambazo hukuzisababisha?

Unapokata upya bima ya gari, kuna swali kwenye fomu ambalo madereva wengi hulijibu "hapana" bila kusita: katika miaka michache iliyopita, umewahi kupata ajali, hasara au kudai fidia? Aliyegongwa nyuma akiwa amesimama kwenye taa anaona halimhusu. Aliyevunjiwa kioo akakilipia mwenyewe naye anaona halimhusu. Na aliyelipwa na kampuni hiyohiyo mwaka jana anaona ni kazi bure kuiambia jambo inalolijua. Wote watatu wamelisoma swali kana kwamba linauliza nani alikosa, na halikuuliza hivyo.

Kampuni inajaribu kukisia kitu isichoweza kukiona, yaani uwezekano wa gari lako kuleta hasara mwaka ujao. Uwezekano huo unatokana na saa unazoendesha, makutano unayopita, mahali unapoegesha, na nafasi unayoacha kati yako na gari la mbele. Hakuna fomu inayoweza kuyauliza hayo yote, na wewe mwenyewe huwezi kuyapima. Kinachobaki ni kutazama yaliyokwisha kutokea.

Chukua mitungi miwili iliyofunikwa, kila mmoja una shanga 20. Katika wa kwanza ushanga mmoja ni mweusi, katika wa pili nyeusi ni tatu, na nyingine zote ni nyeupe. Umepewa mtungi mmoja bila kuambiwa ni upi. Kabla hujaingiza mkono, nafasi ya kutoa mweusi ni asilimia 10, wastani wa mitungi yote miwili. Sasa toa ushanga. Ni mweusi. Urudishe ndani. Mtungi haujabadilika hata kidogo, lakini unachojua kuuhusu kimebadilika: uwezekano kwamba umepewa ule wenye nyeusi tatu umepanda kutoka nusu hadi robo tatu, na nafasi ya kutoa mweusi tena imefika asilimia 12.5. Ada ya bima hupandishwa kwa hesabu ya aina hii. Haihitaji mtu yeyote awe amekosa.

Tuseme ungetoa mweupe. Nafasi ingeshuka kutoka asilimia 10 hadi takriban 9.7 tu. Hapa ndipo penye uzuri wa hesabu yenyewe: ajali ni chache, kwa hiyo mwaka mmoja wenye ajali hufundisha mengi kuliko mwaka mmoja mtulivu. Ndiyo maana punguzo la ada kwa asiyedai fidia hujengwa polepole kwa miaka, na dai moja linaweza kulimega mara moja.

Kwa ajali ambayo si kosa lako hoja hii hupungua nguvu, na ni haki kusema hivyo. Pengine inaonyesha kwamba unapita njia zenye hatari, pengine ni bahati mbaya tupu. Kampuni hutofautiana katika kuipa uzito, na jimbo la California nchini Marekani limekataza kumpandishia ada dereva ambaye hakuwa mkosaji mkuu. Lakini kutaja ajali ni jambo moja na kutozwa kwa ajili yake ni jambo jingine. Ukiulizwa, unataja; anayepima uzito ni kampuni.

Je, kama kampuni inajua tayari? Katika nchi zinazofuata misingi ya sheria ya Kiingereza, kuhuisha bima kwa kawaida huhesabiwa kuwa mkataba mpya, na wajibu wa kusema kweli huanza upya pamoja nao. Ni kweli kwamba kampuni itapata shida kudai haikujua malipo iliyoyafanya yenyewe. Huenda isijue, hata hivyo, dai ulilopeleka kwingine kwa gari la pili, wala mkwaruzo ulioumaliza kwa maelewano kando ya barabara.

Wajibu huu wa kusema kweli una historia ya kushangaza. Kesi inayotajwa kuwa chimbuko lake, Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766 huko London, ilihusu bima ya ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra iliyotekwa na Wafaransa. Jaji Mansfield alieleza kwamba mwenye bima ndiye ajuaye siri za hatari yake, hivyo asizifiche. Kisha akampa ushindi Carter, mwenye bima, aliyekuwa akishutumiwa kuficha.

Uingereza yenyewe imelegeza kanuni hiyo kwa wateja wa kawaida. Sheria ya mwaka 2012 inaitaka kampuni iulize, na mteja ajibu kwa uangalifu wa kutosha. Aliyedanganya kwa makusudi anaweza kunyimwa fidia yote. Aliyekosea kwa uzembe hupunguziwa: kama alilipa 80 pale ambapo kampuni ingemtoza 100, analipwa asilimia 80 ya hasara. Na kama kampuni isingemkatia bima kabisa, inaweza kukataa dai lake, ila humrudishia ada.

Wala kunyamaza hakufichi mengi. Kampuni za Uingereza zimekuwa na kumbukumbu ya pamoja ya madai tangu 1994, na ile ya Marekani huyatunza hadi miaka saba. Kwenye fomu andika tarehe, chanzo, nani alibeba lawama na kiasi kilicholipwa. Kama umesahau, iombe kampuni yako ya zamani barua ya historia ya madai kabla ya kuweka sahihi.