Kuachwa kwenye drafti si kufungiwa

Baadhi ya wafuatiliaji wa mpira wa Kimarekani huamini kwamba chipukizi mwenye kesi au ugomvi nje ya uwanja, timu zikimruka kwenye drafti (zoezi la kila mwaka ambapo timu za ligi ya NFL huchagua wachezaji wapya kwa zamu), basi ligi imemfungia. Sivyo. Drafti ina raundi 7. Asiyechaguliwa yuko huru kusaini na timu yoyote inayomtaka. Mara nyingi kipaji chenye doa huporomoka tu hadi raundi za chini, ambako mkataba ni mdogo na fedha za uhakika (anazolipwa hata akiachwa) ni kiduchu, hivyo timu ikimtema haiumii sana. (Hesabu kwanza, huruma baadaye.)

Ukitaka kuhakiki, linganisha orodha ya drafti na kikosi cha timu cha Septemba, msimu unapoanza, uone nani yumo ingawa hakuchaguliwa. Na kwenye kumbukumbu za mahakama, tenganisha kushtakiwa na kutiwa hatiani.