Pikipiki ya zamani ikigoma asubuhi, iache kwanza skrubu ya sailensi

Wengi wakiniletea pikipiki ya kabureta inayogoma kuwaka ikiwa baridi, au inayozima kila wakisimama, wanakuwa wameshakaza skrubu ya sailensi, ile inayopandisha au kushusha mwendo wa injini pikipiki ikiwa imesimama. Inawaka, mwenyewe anaridhika. Ikipata moto, resi inabaki juu na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Kazi ya skrubu ile ni kuinua slaidi ya kabureta, yaani mlango wa hewa, kidogo, basi. Kasoro iliyokuwepo bado ipo, ila sasa huioni.

Mimi huuliza kwanza: injini ikishachemka, ukirudisha choki inakuwaje? Petroli kwenye injini baridi haigeuki mvuke vizuri, nyingine inabaki matone kwenye kuta, hivyo choki inaziba pengo hilo kwa kuzidisha mafuta. Baada ya dakika chache haihitajiki tena. Kama injini ina moto na bado inazima ukirudisha choki, basi hewa imezidi mafuta. Ama jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la kupitishia mafuta ya sailensi, imeziba, ama kuna hewa inayoingia pasipo ruhusa.

Jeti ndogo ndiyo mtuhumiwa wangu mkuu. Tundu lake kwenye pikipiki ndogo mara nyingi ni milimita 0.35 hadi 0.40 tu. Chombo kikikaa miezi, petroli ya kwenye bakuli hukauka na kuacha utando unaonata, na tundu hilo ndilo la kwanza kuziba. Jeti kubwa inapona, ndiyo maana pikipiki inakimbia vizuri barabarani halafu inazima ukiachia mafuta. Ifungue, iinue kwenye mwanga uchungulie. Unatakiwa kuona duara kamili. Ukiona mwezi mwandamo, bado ina uchafu. Tumia dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Waya wa chuma usiuguse, maana jeti ni laini na tundu likishatanuka halirudi.

Hewa ya wizi huingilia kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini, ambao kwa uzee hupasuka nyufa. Dalili yake ni resi inayochelewa kushuka, leo hivi, kesho vile. Injini ikiwa sailensi, nyunyizia mpira maji kidogo. Mlio ukibadilika, umeupata ufa. Wapo wanaonyunyizia petroli. Karibu na ekzosi ya moto mimi sithubutu.

Papo hapo zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Resi ikipanda, waya wa eksileta umekaza au umepitishwa vibaya, kabureta haina kosa.

Tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, ndizo zinazorukwa sana, kwa sababu watu wanasubiri kelele. Valvu ikizidi kuzama kwenye kiti chake, nafasi ya tapeti hupungua, kwa hiyo injini inakuwa kimya kabisa huku valvu haifungi vizuri na kompresheni ikivuja. Ikiwa na moto itawaka, asubuhi utapiga kiki hadi jasho likutoke. Honda CG125 inataka nafasi ya milimita 0.08, injini ikiwa baridi, ipimwe kwa fila gechi, yaani bati jembamba la kupimia nafasi, na si kwa sikio. Ukiwa hapo, badilisha plagi iliyochoka. Hiyo haina mjadala.

Sasa ndiyo urekebishe. Injini iwe na moto, choki imerudishwa. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta ikaze polepole hadi iguse, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Ikiwa upande wa injini, kuilegeza kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa eya klina, kunaongeza hewa. Wanaochanganya hizi mbili huhangaika kutwa nzima. Sogeza robo kwa robo hadi mlio uwe juu na utulie, halafu ushushe sailensi hadi mizunguko kama 1,400 kwa dakika, au kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako.

Skrubu ya upande wa injini ikidai zaidi ya mizunguko mitatu ndipo injini itulie, fungua tena kabureta: jeti ndogo haijasafishika, au aliyekutangulia aliweka jeti ya namba, yaani ukubwa wa tundu, isiyo yake.