Nakala ya Kusoma Si Zizi la Pili

Wiki iliyopita, kwa mara ambayo nimeacha kuihesabu, niliketi katika kikao ambamo mhandisi mmoja, mtu makini na mwenye uzoefu, alichora maduara mawili ubaoni, akaandika "miamala" ndani ya moja na "ripoti" ndani ya jingine, akayaunganisha kwa mshale, kisha akarudi kitini kana kwamba shauri limekwisha. Mshale ule ulikuwa urudufishaji, yaani kuinakili data ya hifadhidata kwenye seva nyingine kila inapobadilika. Imani iliyo nyuma yake ni kwamba ukishaielekeza hoja nzito ya uchanganuzi (hoja ni ombi linalotumwa kwa hifadhidata) kwenye nakala ya kusoma, umekwisha kuzitenganisha kazi hizo mbili.

Sitarudia kwa urefu kwa nini hazipatani. Muamala hugusa safumlalo chache kupitia faharasa, orodha inayoonyesha data ilipo, na hutaka jibu ndani ya milisekunde. Uchanganuzi hupitia mamilioni ya safumlalo ili ujumlishe safuwima mbili tatu, na hauoni haya kumaliza kumbukumbu na diski. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hilo sijawahi kukutana na anayelipinga. Ugomvi wangu ni juu ya zizi la pili: wengi hudhani wamelijenga, kumbe wamechora mstari wa chokaa katikati ya lile la kwanza.

Tuanze na hifadhidata ya PostgreSQL yenye seva kuu moja na nakala moja, kwa kuwa hapo kosa huonekana waziwazi. Nakala hupokea logi ya mabadiliko kutoka seva kuu na kuitekeleza. Ripoti ikiwa bado inasoma matoleo ya zamani ya safumlalo ambayo seva kuu imekwisha kuyasafisha, nakala hubanwa: ama isimamishe utekelezaji wa logi ili ripoti imalize, ama iiue ripoti ili logi isonge. Anayeamua ni mpangilio wa max_standby_streaming_delay, ambao thamani yake ya kuanzia ni sekunde 30. Hapa naomba tuelewane, kwa sababu nimelieleza jambo hili hadi koo likakauka: sekunde 30 hizo si posho ya kila hoja. Ni muda wa jumla ambao nakala inaruhusiwa kuchelewa kuitekeleza logi iliyokwisha kuipokea. Hoja ya kwanza ikitumia 25, hoja nyingine itakayogongana na logi kabla nakala haijaifikia seva kuu imebakiwa na 5 tu, na mwenyewe atakuja kulalamika kwamba hoja yake, ambayo jana ilikwenda vizuri, leo imeuawa bila kosa.

Ndipo mtu hugundua mpangilio wa hot_standby_feedback, huiwasha, na hoja huacha kuuawa kwa sababu hiyo. Kilichotokea ni kwamba nakala sasa inaiomba seva kuu isiyasafishe matoleo ambayo huku bado yanasomwa. Ripoti inayochukua muda wa saa tatu kwenye nakala huzuia usafishaji kwa muda huohuo kwenye seva kuu. Majedwali yanayosasishwa mara kwa mara hufura pamoja na faharasa zake, na miamala ileile tuliyodai kuilinda huanza kutambaa. Mzigo tuliouhamisha umerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Isitoshe, nakala ya aina hii hufanana na seva kuu baiti kwa baiti, kwa hiyo huwezi kuiongezea faharasa yake yenyewe, na data ingali imepangwa kwa safumlalo: ukitaka kujumlisha safuwima 2 za jedwali lenye 40, bado utazipitia kurasa zilizobeba zote 40.

Katika hifadhidata iliyosambazwa kwenye mashine nyingi, yaani nodi, mchoro wa maduara mawili hauna hata maana, kwa sababu hakuna mashine inayoitwa nakala. Data imekatwa vipande, kila kipande kina nakala tatu au tano zinazokubaliana kwa Raft, utaratibu wa kukubaliana kwa kura chini ya kiongozi, au mwingine wa jamii yake, na kila nodi ni kiongozi wa vipande kadhaa na mfuasi wa vingine vingi. Mtu akiniambia kwamba ripoti zake husoma kwa wafuasi, humuuliza wafuasi hao wanaishi wapi. Wanaishi kwenye nodi zilezile zinazoongoza vipande vingine, wakigombania prosesa ileile na foleni ileile ya diski. Kusoma kwa mfuasi kuna faida halisi, kwani humpunguzia msomaji safari ndefu ya mtandao iwapo anakubali data iliyopitwa na sekunde chache. Lakini hiyo ni dawa ya umbali, na ugonjwa tulio nao ni msongamano.

Kisha kuna akidi. Kipande chenye nakala tatu huhitaji mbili kati yake zikubali andiko, kwa hiyo mfuasi mmoja akilemewa, kiongozi hutegemea mwenzake na hakuna anayehisi kitu. Hoja inayopitia jedwali zima husambaa kwenye nodi zote. Wafuasi wote wawili huchelewa, na kila muamala humsubiri yule mwenye nafuu kati ya wagonjwa wawili. Grafu ya wastani huenda isionyeshe lolote la kutisha. Tazama muamala ulio polepole kuliko wote katika kila mia.

Kosa ninalolipenda, kama kosa linaweza kupendwa, ni la watumiaji wa Cassandra, hifadhidata nyingine iliyosambazwa, kwa sababu wao huanza vizuri kabisa: huunda kituo cha data cha pili kwa ajili ya uchanganuzi, wakakipa nodi zake na nakala zake. Kisha programu ya miamala huachwa ikiandika kwa QUORUM, akidi ya nakala za vituo vyote, badala ya LOCAL_QUORUM, akidi ya kituo chake tu. Nakala 3 huku na 3 kule ni 6. Akidi ya 6 ni 4. Upande wa miamala una 3. Kwa hiyo kila andiko lazima lisubiri angalau nodi moja ya upande wa ripoti, na ukuta ungali unapendeza kwenye mchoro.

Kipimo changu cha utengano ni kimoja: upande wa uchanganuzi ufe wote, na miamala isijue. Hifadhidata iliyosambazwa ya TiDB huukaribia kwa TiFlash, hifadhi yake ya uchanganuzi, ambayo hushika nafasi ya mwanafunzi katika kundi la Raft: hupokea logi, huhifadhi data kwa safuwima, lakini haipigi kura. Inapotaka kusoma humuuliza kiongozi logi imefika wapi, husubiri nayo ifike hapo, ndipo hujibu. Kinachoitenga ni kutopiga kura na kuwekwa kwenye nodi zake yenyewe. Mwenye kuisakinisha kwenye mashine moja na hifadhi ya miamala amerudi kwenye chokaa.

Njia ninayoitumia mara nyingi zaidi ni kuyanasa mabadiliko kutoka kwenye logi kwa chombo kama Debezium na kuyamimina katika hifadhidata ya safuwima kama ClickHouse, nami nakiri kwamba haifaulu kipimo changu mwenyewe. PostgreSQL huitunza logi hadi mpokeaji athibitishe kuwa ameipata. Mpokeaji akifa, logi hurundikana kwenye seva kuu hadi diski ijae. Tangu toleo la 13, la mwaka 2020, kuna max_slot_wal_keep_size ya kuweka kikomo, ila thamani yake ya kuanzia ni kutokuwa na kikomo. Niliamshwa usiku kwa sababu hiyo, katika mfumo nilioujenga kwa mikono yangu na kuusifia mbele za watu. Tena muamala mmoja uliogusa majedwali mawili unaweza kufika ng'ambo nusunusu, malipo yakatangulia oda yake, na mtu wa hesabu hatatulizwa na maelezo kwamba mwishowe data italingana.

Wala sijashawishika kwamba kila anayeniita anahitaji utengano. Nimewahi kujenga mfereji mzima wa data mahali ambapo faharasa moja, kikomo cha muda wa hoja na jedwali la majumlisho ya kila usiku vingetosha, na nililitambua hilo baada ya kazi kukabidhiwa.

Mhandisi wa maduara nilimwambia, "Ndugu yangu, hebu lifute hilo la ripoti, kisha uniambie miamala itafanyaje." Alilifuta kwa kiganja na kujibu kwamba haitafanya chochote, itaendelea. Tuliufungua mpangilio wa seva kuu pamoja. Katika synchronous_standby_names, orodha ya nakala ambazo seva kuu huzisubiri kabla ya kuthibitisha muamala, palikuwa na jina moja tu, nalo lilikuwa la nakala ya ripoti.