Je, wajua kwa nini kipindi cha studio hupangwa kuanzia mwisho?

Ukiingia kwenye chumba cha kuongozea cha studio ya chuo wakati wanafunzi wanarekodi, utamkuta mtu asiyegusa kitufe wala kamera. Kazi yake ni kutaja muda tu. "Zimebaki nne na nusu." "Zimebaki mbili." Huyo ni mtunza muda, na hesabu yake hakuianzia kwenye salamu za ufunguzi. Aliianzia kwenye sekunde ya mwisho ya kipindi, akarudi nyuma.

Sababu ni kwamba mwisho wa kipindi una mwenyewe: matangazo ya biashara, taarifa ya habari, kipindi cha wenzako. Ukichelewa kuingia kwa sekunde tano, mtazamaji hata hashtuki. Ukizidisha sekunde tano, mtangazaji wako anakatwa huku mdomo uko wazi.

Tuchukue kipindi cha dakika 28 kinachoanza saa 2:00 usiku. Lazima kiishe saa 2:28:00. Majina ya walioandaa hupita kwa sekunde 40, kwa hiyo yaanze 2:27:20. Mtangazaji anahitaji sekunde 20 za kuaga, basi aanze 2:27:00. Kabla yake kuna klipu ya kikundi cha taarab cha wanafunzi, imesharekodiwa, dakika 3 na sekunde 30: iingie 2:23:30. Maneno ya kuitambulisha ni sekunde 15, kwa hiyo 2:23:15. Mgeni awe profesa au mkuu wa wilaya, ikifika 2:23:15 mahojiano yamekwisha.

Hesabu hii inakuonyesha jambo ambalo huwezi kuliona ukipanga kwa kwenda mbele tu: nani atalipa deni. Klipu haipungui wala haiongezeki. Majina hayapungui. Kinachovutika ni mazungumzo peke yake. Tuseme mahojiano yalipangwa kuanza 2:16:00. Yana dakika 7 na robo. Klipu ya kwanza, ile inayotangulia mahojiano, ikichelewa kutoka kwa dakika moja, dakika hiyo haitolewi kwenye taarab, inatolewa kwa mgeni. Ndiyo maana mtayarishaji mzuri hayaachi mahojiano yawe kitu cha mwisho. Huweka baada yake kitu chenye urefu unaojulikana, kisha huyapanga maswali kwa umuhimu, ili yatakayoachwa yawe yale ya mwisho kwenye karatasi.

Skripti nayo hupimwa, na hapa vitabu vya kigeni huwapoteza wengi. Kanuni ya maneno matatu kwa sekunde imetoka kwa wasomaji wa Kiingereza. Maneno yetu ni marefu, yanabeba nafsi, wakati na kitenzi kwa pamoja, kwa hiyo maneno 180 ya Kiswahili hayasomeki kwa dakika moja bila kukimbizana. Dawa ni kusoma kwa sauti huku saa ikihesabu. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya kila mara.

Sasa, mtunza muda yuko chumba kingine, nyuma ya kioo au ukuta. Taarifa zake zinamfikia msimamizi wa studio kupitia hedifoni, naye hawezi kuzitamka kwa kuwa maikrofoni ziko wazi. Anatumia mikono. Vidole viwili ni dakika mbili. Mikono iliyopishana mbele ya kifua ni nusu dakika. Kidole kinachozungushwa hewani ni malizia. Kiganja kinachopita shingoni ni kata. Hata kuhesabu mwanzo wa kipindi hufanywa hivyo: kumi, tisa, nane kwa sauti, lakini tatu, mbili, moja kwa vidole tu, maana sauti ya studio inaweza kuwa imeshafunguliwa. Ishara hizo hutolewa karibu na lenzi ya kamera anayoitazama mtangazaji. Msimamizi akisimama pembeni, watazamaji wataona macho ya mtangazaji yakihama na watajua kuna jambo.

Utauliza: si wanarekodi? Si wangekata kwenye kompyuta baadaye? Wanaweza, ila kwenye studio ya kamera tatu picha huchanganywa papo hapo. Mwongozaji anasema "mbili tayari", kisha "mbili", mchanganya picha anabonyeza, taa nyekundu inawaka juu ya kamera ya pili, na kinachotoka ni kipindi kimoja kilichokwisha kuunganishwa. Ukichomoa nusu dakika katikati, mgeni aliyekuwa ameweka mkono mezani ghafla ameushika kidevuni. Halafu studio ni moja na madarasa ni mengi. Kundi jingine liko mlangoni na mandhari yake. Na kwa mwanafunzi anayetaka ajira, kipindi mubashara ndicho kitakachomsubiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani TV, na Nairobi kuna KIMC, chuo cha mawasiliano ya umma cha Kenya. Sehemu kama hizo huwezi kujifunza kwa kusimamisha saa.

Maandalizi mengine ni ya kawaida, ingawa yakisahaulika yanaumiza: ramani ya viti na kamera, mgeni wa akiba, shati lisilo na mistari myembamba kwa sababu mistari hiyo hutetemeka kwenye skrini, na jenereta iliyojaribiwa siku hiyo hiyo, si wiki iliyopita.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Muziki wa kufungia ukiwa na urefu wa dakika 2, fundi sauti hauanzishi mtangazaji anapoaga. Anauanzisha saa 2:26:00, sauti ikiwa imeshushwa kabisa, wakati taarab bado inaendelea na hakuna anayeusikia. Maneno ya kuaga yakiisha anaupandisha taratibu, ukiwa umeshafika katikati. Majina yanapita, na noti ya mwisho inalia 2:28:00 bila mtu kuukata.