Kwa nini hifadhidata haimjui dagaa?

Je, wajua kwamba unaweza kuandika neno "dagaa" kwenye hifadhidata ya kimataifa ya makala za kisayansi ukaletewa samaki wa Kigoma, huku tafiti zilizofanyika hapahapa kwenye Ghuba ya Mwanza zikibaki hazionekani? Hakuna aliyezificha. Zipo, na nyingine zinasomwa bure. Ila mashine inayotafuta haijui dagaa ni nini. Inachokijua ni herufi tano zilizofuatana, basi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama wakati wa kuandika proposo, wawe wa chuo cha Malimbe au cha Bugando hapa Mwanza. Mtu anaandika swali lake zima la utafiti kwenye kisanduku, anabonyeza, anapata sifuri, kisha anakwenda kumwambia msimamizi wake kwamba mada hiyo haijawahi kufanyiwa utafiti. Msimamizi anaguna, maana yeye mwenyewe ana makala kadhaa za mada hiyo mezani.

Ili uone sifuri hiyo inatoka wapi, anza na namna hifadhidata ilivyojengwa. Kila makala iliyomo ina rekodi yake: kichwa cha makala, majina ya waandishi na taasisi zao, ikisiri, maneno muhimu, jina la jarida na mwaka. PubMed, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, hutafuta ndani ya rekodi hiyo tu, haiingii ndani ya makala nzima. Na ukiandika maneno mengi mfululizo, hifadhidata nyingi huyaunganisha kwa AND, yaani kila neno sharti liwemo. Ukiandika maneno tisa, makala yenye manane inatupwa nje, hata kama ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Kila neno la ziada ni kizuizi kingine. "Sababu", "athari", "mchango" na "tathmini", yale maneno yanayopendwa sana kwenye vichwa vya tasnifu zetu, huwa yanaua matokeo bila kuongeza chochote hata ukiyaandika kwa Kiingereza. Yaache nje.

Google Scholar ina ugonjwa wa upande wa pili. Yenyewe inaingia hadi ndani ya makala, hivyo inakuletea maelfu, zikiwemo zile zilizomtaja dagaa mara moja tu kwenye tanbihi. Maelfu hayo yenyewe huwezi kuyapitia, kwa sababu hukuonyesha matokeo 1,000 ya kwanza tu, na katika kuyapanga inaangalia sana makala imenukuliwa mara ngapi. Kwa hiyo makala za zamani zenye jina hukaa juu, na ya mwaka jana inaweza kuwa ukurasa wa kumi na tano.

Sasa turudi kwa dagaa. Samaki huyu wa Ziwa Victoria anaitwa dagaa upande wetu, omena Kenya, mukene Uganda. Kwa wanasayansi ni Rastrineobola argentea, na katika ripoti za zamani utamkuta kama Engraulicypris argenteus. Mtafiti wa Kisumu aliyeandika "omena" kwenye kichwa na ikisiri hakuwa na sababu ya kuweka neno "dagaa", na ukitafuta kwa neno lako humpati. Upande mwingine, "dagaa" wa Ziwa Tanganyika ni samaki tofauti kabisa, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na hao wataingia kwenye matokeo yako bila kualikwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza inafanyika kwenye karatasi, kompyuta ikiwa bado imezimwa, na haili bando. Igawe mada katika mambo mawili au matatu, halafu chini ya kila jambo andika majina yote ambayo mtu mwingine angeweza kuyatumia: la Kiswahili, la nchi jirani, la Kiingereza, la kisayansi, la zamani. Kwa samaki, tovuti ya FishBase ina majina ya kienyeji na ya zamani ya kila spishi, na ni bure. Usiruke hatua ya majina ya zamani. Magugu maji yalijulikana kwa miaka mingi kama Eichhornia crassipes, na siku hizi machapisho mengi yanatumia Pontederia crassipes. Ukitafuta kwa jina moja unapoteza ama makala za nyuma ama za sasa. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ndio balaa lenyewe. Wana mamia ya spishi, na majina yao ya jenasi yamebadilishwa mara kadhaa, kiasi kwamba ni salama zaidi kutafuta kwa jina la kundi, haplochromine, pamoja na Haplochromis na cichlid.

Chukua mada ya upotevu wa dagaa baada ya kuvuliwa, ambayo kila mtu aliyewahi kupita mwalo wowote wakati wa masika anaielewa: dagaa wameanikwa mchangani, mvua inashuka, na mzigo uliotarajiwa kuwa chakula cha watu unaishia kwenye chakula cha kuku. Kwenye karatasi kuna mambo matatu: samaki, mahali, na kuharibika au kukausha. Yakiwekwa kwenye kisanduku yanakuwa hivi:

(dagaa OR omena OR mukene OR Rastrineobola) AND ("Lake Victoria" OR Mwanza OR Ukerewe) AND (drying OR dried OR postharvest OR "post-harvest" OR spoilage)

OR inaunganisha majina ya kitu kimoja na kupanua wavu. AND inaunganisha mambo tofauti na kuubana. Ziandike kwa herufi kubwa, kwani PubMed na Google Scholar huzitambua hivyo. Alama za mtajo zinafunga maneno mawili yasitengane. Bila hizo, "Victoria" inaweza kukupeleka kwenye jimbo la Australia lenye maziwa yake. Neno la uharibifu baada ya mavuno limewekwa mara mbili kwa sababu waandishi hawajakubaliana kuhusu kistari.

Mabano si mapambo. PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika Mwanza AND dagaa OR omena bila mabano, inaelewa hivi: nipe makala zenye Mwanza na dagaa pamoja, kisha uongeze kila makala yenye omena, popote ilipotoka. Idadi inafura, unadhani umepata mali, kumbe nusu yake ni makala ambazo hazijakanyaga Mwanza. Hifadhidata nyingine hushughulikia AND kwanza popote ilipo. Ukiweka mabano huhitaji kukumbuka nani anafanya nini.

Kinyota (*), kinachosimama badala ya mwisho wowote wa neno, nacho kina raha yake na mtego wake. Mwanafunzi wa Bugando anayeshughulika na kichocho akiandika schistosom* anapata jina la mdudu, jina la ugonjwa na vivumishi vyake kwa mpigo. Hapati bilharzia, hiyo iongeze kwa OR. Lakini kata neno mapema mno uone. Mtu wa uvuvi anayeandika fish* anavuta pia kila makala iliyotumia jaribio la takwimu la Fisher, na makala za hospitali zinatumia jaribio hilo kila uchao. Juu ya hapo kuna kipimo cha maabara cha kromosomu ambacho kifupi chake ni FISH. Matokeo yako ya samaki yanajaa wagonjwa wa saratani. Afadhali fishery OR fisheries OR fisherm*. PubMed inataka angalau herufi nne kabla ya kinyota, na Google Scholar haikitumii hivyo kabisa. Huko andika maumbo ya neno moja moja, ukikumbuka kwamba kisanduku chake kinaishia kwenye herufi 256.

Neno "Mwanza" lenyewe linastahili tahadhari, na hili hata watu wazima katika utafiti huwapita. Kwa kuwa rekodi ina anwani za waandishi, PubMed ikiachwa itafute kila sehemu italeta kila makala iliyoandikwa na mtu wa Bugando au wa kituo cha Mwanza cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hata kama utafiti ulifanyika mkoa mwingine. Dawa yake ni kubandika alama inayobana utafutaji kwenye kichwa na ikisiri: Mwanza[tiab]. Hapo tena utakutana na Wilaya ya Mwanza ya Malawi, ambayo utaigundua kwa kusoma ikisiri. Ukitaka kinyume chake, yaani kujua nani jijini anachapisha kuhusu kichocho ili umfuate, tumia Mwanza[ad], ambayo hutafuta kwenye anwani peke yake.

Halafu kuna makala zilizofanyika mkoani bila kuutaja mkoa. Ikisiri inasema Ukerewe, Sengerema au Magu, basi. Ziongeze. Na kwa kuwa Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, makala za kabla ya hapo zinaweza kuiweka chini ya Mwanza na za baadaye zisiitaje Mwanza hata kidogo.

Kwa wanaosoma afya, PubMed ina msaada ambao haupo kwenye injini za kawaida: istilahi rasmi ziitwazo MeSH. Makala iwe imeandika bilharzia au schistosomiasis, ikishapangwa inapewa lebo moja, na ukitafuta kwa lebo unazipata zote. Usiitegemee lebo peke yake, lakini. Majarida mengi ya Afrika hayamo kwenye sehemu ya PubMed inayopewa lebo hizo, na makala zake zinapatikana kwa maneno ya kawaida tu. Weka vyote viwili, lebo na maneno, ukiviunganisha kwa OR.

Kuhusu mahali pa kutafuta: PubMed ni ya tiba, na mtu wa uvuvi au kilimo akiishia hapo amejipunja. Aende AGRIS ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na AJOL inayokusanya majarida ya Afrika. Ripoti za TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini, na zile za Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililopo Jinja mara nyingi hazimo kwenye hifadhidata yoyote ya makala. Ingia tovuti zao, au nenda ofisini. Kituo cha TAFIRI kipo Nyegezi, si mbali na Malimbe. Tasnifu zipo kwenye hazina za kielektroniki za vyuo, za SUA na UDSM zikiwa wazi mtandaoni.

Ukifika kwenye ukurasa unaodai dola ili usome, usitoe hela na usikate tamaa. Kupitia Research4Life, mpango ulioanza na Hinari ya afya mwaka 2002 na kufuatiwa na AGORA ya kilimo, taasisi za Tanzania zilizojisajili hupata majarida ya wachapishaji wakubwa bila malipo. Jina la kuingilia na nywila viko kwa mkutubi. Njia nyingine ni kubonyeza kiungo cha matoleo yote chini ya makala kwenye Google Scholar, kwani toleo la bure mara nyingi limelala kwenye hazina ya chuo cha mmoja wa waandishi. Au mwandikie mwandishi barua pepe fupi, wengi hutuma. Kosa linalowagharimu wengi ni kuchagua kichujio cha makala za bure tangu mwanzo ili kuokoa bando. Kichujio hicho kinaondoa pia zile ambazo Hinari ingekupa. Tafuta bila kichujio, soma ikisiri, kisha pakua chache unazozihitaji.

Ukipata matokeo manane, ondoa kundi moja zima, kwa kawaida la mahali, uone kama tatizo lilikuwa hapo. Ukipata elfu tatu, ongeza jambo moja kwa AND au bana kwenye kichwa na ikisiri. NOT itumie kwa uchoyo. Ukiandika NOT Tanganyika ili kuwafukuza wale dagaa wa Kigoma, unatupa pia makala zilizolinganisha maziwa yote mawili, na zile za zamani zilizoita nchi yetu Tanganyika.

Ukishapata makala moja nzuri, achana na kisanduku kwa muda. Pitia orodha ya marejeo yake kurudi nyuma, kisha bonyeza kiungo cha walioinukuu kusonga mbele. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lilianza kuchunguza furu wa Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, wakati sangara hawajatapakaa humo. Chukua makala moja tu ya Frans Witte, mmoja wao, ya miaka ya themanini au tisini, fuata walioinukuu, na utafika hadi kwenye tafiti za sasa, zikiwemo ambazo hazina hata neno moja kati ya yale uliyoyaandika kwenye karatasi. Mafungu mapya ya majina huzaliwa hapo: ukikuta waandishi watatu wanatumia neno usilokuwa nalo, liongeze na utafute upya.

Kila unapotafuta, andika tarehe, hifadhidata, maneno yote kama yalivyo pamoja na mabano, na idadi ya matokeo. Sura ya mbinu itayahitaji, na mtahini atauliza. Na ukienda kwa mkutubi, usimwambie "naomba vitabu vya dagaa", maana atakuelekeza kwenye rafu ya 639, ya vitabu vya uvuvi, na mtaachana hapo. Mpe hiyo karatasi. Akiiona ataona mara moja bano lisilofungwa, au kwamba umesahau mukene.