Tsunami na akili unde: dhana nilizochoka kuzisikia

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha wafanyakazi wa hoteli za ufukweni, manahodha na kamati za maafa za vijiji vya pwani namna ya kujiokoa na tsunami. Zamani swali la kwanza lilikuwa ni wapi pa kukimbilia. Siku hizi, karibu katika kila darasa, mtu huinua simu na kuniambia kwamba hana haja ya kukariri chochote, kwani siku hiyo ikifika ataiuliza programu ya akili unde (AI), ile inayojibu maswali kwa maandishi. Hakuna dhana inayonitia hofu kuliko hiyo, kwa hiyo naanza nayo.

Dhana: “Programu inajua yanayotokea sasa hivi, hivyo itaniambia kama niondoke au nibaki.”

Ukweli: Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi yaliyopita, na hata zile zinazopekua mtandao huokota taarifa za saa tofauti na za maeneo tofauti, kisha huzisuka kuwa jibu moja lenye sauti ya uhakika. Mwishoni mwa Julai 2025, tetemeko la kipimo cha 8.8 lilipotokea karibu na Kamchatka nchini Urusi, tahadhari zilitolewa Japani, Hawaii na kwingineko katika Pasifiki. Programu moja inayotumiwa na watu wengi ikawajibu waulizaji kwamba tahadhari ya Hawaii imefutwa, ilhali ilikuwa bado inatumika. Mawimbi ya siku hiyo hayakufikia ukubwa uliohofiwa, lakini mtu ambaye angerudi ufukweni kwa kuamini jibu lile angeokolewa na bahati tu.

Saa za mwanzo za tsunami ni saa za taarifa zinazobadilika. Japani, tarehe 11 Machi 2011, makadirio ya kwanza yalitaja mawimbi ya mita 3 kwa mkoa wa Iwate na mita 6 kwa mkoa wa Miyagi. Yakapandishwa kwa hatua hadi zaidi ya mita 10, wakati umeme ulikuwa umekatika na wengi hawakuyapata marekebisho hayo. Ikiwa wataalamu wenye vipimo baharini hulazimika kusahihisha namba zao ndani ya nusu saa, mashine iliyookota namba ya kwanza na kuendelea kuirudia haina msaada wowote kwa mtu aliyesimama mchangani.

Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili kuna mtego mwingine, nao umenikasirisha zaidi ya mara moja. Taarifa za kimataifa za tsunami huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Saa 10:00 ya UTC ni 13:00 ya Afrika Mashariki, yaani saa 7 mchana. Nimezijaribu programu hizi mbele ya wanafunzi na kuona 10:00 ikigeuzwa kuwa “saa 10”, ambayo kila mtu darasani aliielewa kuwa saa kumi jioni: kosa la saa tatu, na upande wa kuchelewa. Viwango vya tahadhari navyo huvurugwa, angalizo na tahadhari kubwa zote zikapewa jina moja, “onyo”. Ndiyo maana nasisitiza taarifa zichukuliwe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya nchi yako, na redio ya betri iwepo nyumbani, kwa sababu mtandao huzidiwa pale kila mtu anapoutaka.

Dhana: “Simu isipotoa tahadhari, hakuna hatari.”

Ukweli: Huko Palu, Indonesia, tarehe 28 Septemba 2018, mawimbi yalifika dakika chache tu baada ya tetemeko. Desemba ya mwaka huohuo sehemu ya volkano ya Anak Krakatau, nchini humohumo, iliporomoka baharini, na watu wa pwani za Java na Sumatra wakafikiwa na maji bila tahadhari yoyote. Ardhi ikitikisika kwa nguvu na kwa muda mrefu, au maji yakikupwa saa ambayo mvuvi anajua si ya kupwa, ondoka papo hapo na simu ibaki mfukoni. Wakazi wa kisiwa cha Simeulue, karibu na Sumatra, waliorithi kumbukumbu ya tsunami ya mwaka 1907, walikimbilia vilimani tsunami ya Bahari ya Hindi ilipotokea mwaka 2004. Kati ya makumi ya maelfu walikufa 7.

Dhana: “Sumatra ni mbali, sisi tuna muda wa kuuliza-uliza.”

Ukweli: Muda ulikuwepo hata tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko lilitokea karibu na Sumatra, yapata saa 10 alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yalifika kwetu mchana. Kenya, ambako polisi waliwaondoa watu ufukweni, ilipoteza mtu 1. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10, wengi wao waogeleaji. Somalia ilipoteza karibu 300. Saa zile ziliwafaa wale waliofikiwa na amri.

Dhana: “Programu itanichorea njia.”

Ukweli: Itakupa njia fupi ya gari, ambayo huenda inafuata ufukwe. Itembee njia yako kwa miguu, usiku, ukiwa na saa mkononi na watoto wakiwa pamoja nawe. Ushauri huu nitaurudia hadi nistaafu.

Dhana: “Wimbi limepita, na programu inasema hali ni shwari.”

Ukweli: Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na ruhusa ya kurudi hutolewa na mamlaka peke yake. Huko Hilo, Hawaii, Mei 1960, mawimbi ya kwanza yaliyotokana na tetemeko la Chile yalikuwa madogo, na baadhi ya watu wakarejea karibu na bahari. Wimbi lililoua watu 61 lilifika takribani saa moja baadaye.