Blanketi la viraka halihitaji cherehani

Wengi huacha mabaki ya vitenge kwenye mfuko wakiamini kwamba bila cherehani hayaungiki. Si kweli. Mablanketi ya viraka ya wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, yaliyoonyeshwa kwenye jumba la sanaa la Whitney Museum, New York, mwaka 2002, mengi yalipitishwa sindano ya mkono.

Kinachoharibu kazi ni vipimo. Kata miraba ya sentimita 10, acha milimita 6 za mshono kila upande. Ukizidisha milimita moja tu kila upande, mstari wa vipande 20 utapungua karibu sentimita 4, na safu hazitakutana. Chora mstari wa mshono kwa chaki, tafadhali!

Kitenge kipya kifue kwanza, kisije kikasinyaa baadaye au kuchujia rangi kwenye cheupe.